Muulize Mwalimu Mlezi: Alama anazo, chuo kakosa, shida iko wapi?

Toka matokeo ya fomu siksi yatoke simu yangu haina usingizi. Nyingine nimezijibu huko huko kwenye meseji maana zilikuwa za haraka, nyingine nimezileta hapa kwa sababu najua kuna mia wengine wana swali hilo hilo ila wanaona aibu kuuliza. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mwalimu wa Jiografia sekondari ya serikali, na juu ya vipindi vyangu nimebeba ofisi ya ushauri nasaha toka enzi za kununua fomu ya chuo kwa risiti ya benki na kuituma kwa posta. Majina ya waulizaji nimeyaficha, maeneo nimeyabakiza.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza PCB, nimepata Kemia D, Baiolojia E, Fizikia S. Udaktari ndo ndoto yangu toka darasa la tano. Nyumbani wanasema nimefeli nirudi tulime pamba. Naweza kupata chuo? Na vipi nikiaplai udaktari hivyo hivyo nikajaribu bahati? (Binti, Bariadi)

Marahaba mwanangu. Kwanza hujafeli, hiyo ni divisheni thrii ya 15, cheti unacho, waambie hivyo hapo nyumbani. Ila bahati hapa haina kazi, tupige hesabu. Kwa kuingia chuo kikuu A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S ni nusu. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka angalau prinsipo mbili (yaani masomo uliyopata A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4, na S sio prinsipo. Wewe una D na E, jumla 3. Umepungukiwa moja tu lakini hiyo moja mfumo wa kompyuta hauionei huruma. Udaktari wenyewe ndo mgumu zaidi, wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote, kila moja isipungue D, jumla pointi 6, na hapo ni mlangoni tu, maana ukifika kwenye foleni ya Muhimbili unakutana na watu wa A na B. Kwaiyo ukituma maombi unawapa vyuo hela ya fomu bure na dirisha linafungwa huku umekaa unasubiri.

Sasa njia yako hii hapa. Diploma ya utabibu, ile inayomtoa afisa tabibu, ni miaka mitatu na inaangalia cheti chako cha fomu foo: Fizikia, Kemia, Baiolojia uwe umefaulu kwa D kwenda juu. Hiyo iko chini ya NACTVET, baraza la vyuo vya kati na ufundi, sio TCU, watu wengi wanachanganya hapo, wanaenda kuulizia diploma kwenye tovuti ya TCU hawaoni kitu wanakata tamaa. Ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, mlango wa digrii unafunguka tena, ukiingia safari hii unaingia umeshashika wagonjwa. Nina wanafunzi wangu waliopita huko, wengine wako kwenye vituo vya afya vijijini wanafanya kazi nzito na wala hawajarudi kusoma digrii kwa sababu hawajaona haja. Na mkopo wa serikali kwa diploma ulianza mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani za kipaumbele, afya ikiwemo, kwaiyo usisikilize anayekwambia mkopo ni wa digrii tu.

Kabla hujaamua niandikie matokeo yako ya fomu foo yote, hayo ya fomu siksi weka pembeni kwanza.

Mwalimu mambo vipi. Mwaka jana nilichaguliwa vyuo viwili, nikawa nasubiri meseji ya kukonfemu, haikuja, nikaenda chuoni wakasema nafasi imeshaondoka. Hii ni haki kweli? (Kijana, Mpanda)

Namba ya simu uliyojaza kwenye maombi ilikuwa ya nani? Najua jibu kabla hujanijibu. Ya yule kaka wa steshenari.

Hili jambo linaniuma kuliko hata matokeo mabaya. Kijana ana divisheni tuu nzuri kabisa, anatoka JKT au yuko kijijini, anaenda steshenari ya stendi, kaka wa pale anamfungulia akaunti kwa imeili yake yeye kaka, paswedi anaijua yeye kaka, namba ya simu ya yeye kaka maana kijana laini yake haikuwa na chaji, na siku hiyo hiyo kashawafanyia wenzake arobaini. Majina yakitoka, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba maalumu kwa meseji, anaitumia kuthibitisha chuo kimoja anachokitaka, na asipothibitisha ndani ya siku zilizopangwa nafasi anapewa mwingine. Meseji inaingia kwa kaka wa steshenari, ambaye kwa wakati huo anauza soda.

Kuhusu haki, kanuni ndo iko hivyo na ilitangazwa, kwaiyo huna wa kumshtaki. Ila matokeo yako hayaozi, mwaka huu aplai tena, na kwenye mkopo bado unaruhusiwa maana wanapokea waliomaliza fomu siksi ndani ya miaka mitano. Safari hii fungua imeili yako mwenyewe, paswedi iandike kwenye daftari, weka namba ambayo inashikwa na mtu wa nyumbani anayejua kusoma meseji, na ukishatuma maombi ingia mwenyewe kwenye akaunti mara kwa mara usisubiri kuitwa. Dirisha la kwanza likikupita lipo la pili na mara nyingi la tatu, ila huko kozi nzuri zinakuwa zimejaa.

Na nyie mnaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria, sikilizeni. Mnaripoti kambini matokeo hayajatoka, mnakaa Ruvu au Mafinga au Oljoro huko, mambo ya mkopo na vyuo yanafunguliwa huku nje na simu kule sio ya kushika muda wote. Kabla hujapanda basi acha nyumbani bahasha: cheti cha kuzaliwa, cheti cha fomu foo, picha ndogo, paswedi zote, na karatasi uliyoandika kwa mkono wako kozi tano unazotaka kwa mpangilio. Mama asije akakuchagulia ualimu kwa sababu mjomba alikuwa mwalimu. Nasema hivyo nikiwa mwalimu mimi mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu, nimeajiriwa juzi, mkuu wa shule kanikabidhi ofisi ya ushauri nasaha kwa sababu eti mimi kijana nitaelewana na watoto. Sijasomea hiyo kitu. Nina vipindi 24 kwa wiki. Naanzia wapi? Na je inalipa? (Mwalimu, Namtumbo)

Hailipi. Tumalizane na hiyo kwanza. Kwenye shule zetu nyingi ni jukumu la ziada juu ya vipindi, hakuna posho, na ukifanya vizuri unaongezewa na upatroni. Huko Marekani mshauri wa shule ni kazi kamili ya mtu, ana cheti chake na ofisi yake, chama chao cha washauri kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja na bado wanalalamika wamezidiwa. Wewe utakuwa na shule nzima pamoja na kusahihisha madaftari. Kwaiyo usijaribu kufanya kila kitu, utachoka kabla ya Desemba.

Chukua kaunta buku moja. Kila mwanafunzi wa fomu thrii na foo mpe ukurasa wake: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, jina kama lilivyo kwenye rekodi za shule, namba ya PReM (ile ya usajili wa mwanafunzi), simu ya mzazi, wazazi wako hai au la, kaya iko TASAF (mpango wa serikali wa kaya maskini) au haiko. Utashangaa ukishajaza kurasa thelathini za mwanzo. Cheti kinasema Juma, shule inasema Jumanne, baba kwenye cheti ni Ramadhani, huku kaandikwa Athumani ambaye ni babu. Wengine hawana cheti kabisa. Haya ndo yanayowaangusha watoto kwenye mkopo miaka mitatu baadaye, wakati wewe umeshawasahau, na wala hutajua kwamba wameanguka. Ukiligundua kabla ya usajili wa mtihani wa fomu foo muda wa kuhangaika bado upo. Akishapata cheti cha NECTA chenye jina tofauti, hapo mnaanza mambo ya mawakili na viapo.

Baada ya hapo nenda kwenye kombi, yaani tahasusi, yale masomo matatu ya fomu faivu na siksi. Watoto wanajaza selfomu (fomu ya machaguo) wakiwa bado shuleni kwa kufuata rafiki. Wote meza moja wanaandika PCB, ukiuliza kwa nini wanacheka. Serikali mwaka 2024 ilitangaza tahasusi mpya 49, ukijumlisha na zile 16 za zamani zikawa 65, na bado mtoto wa fomu foo ukimuuliza anakutajia sita tu zile zile za kaka yake. Sio zote ziko kila shule, hilo nalo waambie mapema. Lakini kitu cha kuwafundisha ni kusoma kombi kwa kurudi nyuma, yaani unaanza na kozi ya chuo, unaangalia kwenye mwongozo wa TCU inataka masomo gani, ndo unarudi kwenye kombi. Ule mwongozo uko mtandaoni bure kila mwaka, upakue kwenye simu, chapisha kurasa chache ubandike ukutani. Mimi ukuta wangu umejaa hizo karatasi na watoto wanazisoma wakiwa wamesimama wanasubiri kuadhibiwa na mwalimu wa zamu, ambaye meza yake iko jirani.

Alafu hesabu. Mtoto wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) anaitupa hesabu fomu foo anapata F, anasema mimi mtu wa atsi. Fomu siksi inakuja anataka biashara au uchumi, kozi nyingi za huko zinauliza hesabu ya fomu foo au BAM, ile hesabu ya msingi ya fomu faivu na siksi. Na wale wa PCB na CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) wanaosoma BAM wanaiita somo la kupumzikia! Ukiwa na dakika kumi tu kwenye mstarini kwa mwaka mzima, zitumie kuongelea BAM.

La mwisho kwako: kuna watoto watakuja kwa jina la kuuliza kozi kumbe nyumbani hakuna chakula, au kuna mtu mzima anamsumbua. Hayo huyatatui na mwongozo wa TCU. Mjue afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na dawati la jinsia polisi, uwe na namba zao kwenye simu kabla hazijahitajika. Na mtoto akikwambia siri usiipeleke staff kwenye chai.

Mwalimu, binti yangu kapangiwa CBG. Mimi nataka awe daktari na uwezo anao. Nimeambiwa akishaanza anaweza kubadilisha. Yeye mwenyewe hasemi kitu. (Baba, Kahama)

Baba, CBG haifiki kwenye udaktari wa binadamu kwa sababu haina Fizikia. Kama kweli ni udaktari basi abadilishwe mapema, aidha kile kipindi TAMISEMI wanafungua mfumo baada ya matokeo ya fomu foo kwa wanaotaka kurekebisha machaguo, au akifika shuleni wiki za mwanzo kama shule ina PCB na ina nafasi. Akifika muhula wa pili atakuwa ameachwa mbali.

Ila naomba nikuulize mzee wangu, Fizikia ya fomu foo alipata ngapi? Kwenye barua yako ndefu umetaja Baiolojia A, Kemia B, Jiografia A, Fizikia hujaitaja kabisa. Kama ni D basi waliompanga hawakukosea. CBG ina kozi nyingi za SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro: kilimo, lishe, misitu, sayansi ya vyakula, mazingira. Na huko kwenu kwenye ng'ombe na pamba mtaalamu wa mambo hayo anakula vizuri kuliko unavyodhani.

Na hiyo ya kwamba hasemi kitu mimi ingenishtua kuliko kombi. Mtume dukani na shangazi yake wakae huko saa nzima, jibu utaletewa na shangazi.

Habari mwalimu, swali langu ni mkopo. Nimesikia bodi wanakupa bumu alafu wanakudai mpaka uzeeke, kaka yangu anakatwa kila mwezi analia. Niombe au nisiombe? Na nyaraka gani zinazingua sana? (Kijana, Lushoto)

Omba. Kama nyumbani hamna uwezo hakuna cha kufikiria hapo.

Kaka yako analia kwa sababu aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ilipanda kutoka 8 baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2016. Ni nyingi, sikatai. Lakini mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa, ambayo ndo ilikuwa inafanya deni linavimba kila mwaka huku mtu analipa. Kwaiyo deni la sasa linapungua ukilipa, sio kama la wale wa zamani. Na wewe ulipe kweli, hela hiyo hiyo ndo wanakopeshwa wadogo zako.

Bumu lenyewe, yaani hela ya chakula na malazi, ni elfu 10 kwa siku, ilikuwa 8,500 ikaongezwa. Haitoki kila siku, inatoka kwa mkupuo kwa kipindi, na mkupuo wa kwanza wakati mwingine unachelewa mkiwa mmeshafika chuoni. Ondoka nyumbani na hela ya kula wiki tatu nne hata kama umeandikiwa mkopo asilimia mia. Nimeona watoto wanafika Dodoma na begi na nauli tu, wanaishi kwa mihogo ya kuomba mpaka bumu linaingia, likiingia linaishia kwenye simu. Hiyo ya simu mtanisamehe, ni hasira zangu za kila mwaka.

Nyaraka zinazozingua ni hizi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, sio kuwa nacho tu, uhakiki unaombwa mtandaoni na unachukua siku, na kila mwaka watu wanakumbuka wiki ya mwisho mfumo unaelemewa. Kwa wenzetu wa Zanzibar uhakiki ni kwenye wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe hivyo hivyo, kile kibali cha mazishi mlichopewa na mtendaji sio cheti. Kama kaya iko TASAF weka namba. Fomu inajazwa kwenye mfumo wao wa OLAMS, ada elfu 30, inachapishwa, inasainiwa na serikali ya mtaa, kamishna wa viapo, mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, alafu kurasa zenye saini zinaskaniwa zinarudishwa kwenye mfumo. Watu wanasahau hatua hiyo ya mwisho kabisa! Wanasaini, wanaitunza fomu vizuri kabatini, wanasubiri mkopo.

Jina likitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha fomu foo, muone wakili mapema, kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Inagharimu, ndo maana nampigia kelele yule mwalimu wa Namtumbo hapo juu.

Na kama ulikuwa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au PCB na alama zako ni za juu sana kitaifa, kuna Samia Skolashipu toka 2022/23 kwa wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, hisabati na tiba, hiyo sio mkopo, hairudishwi. Inapita bodi hiyo hiyo ya mikopo.

Mwalimu naomba usinicheke. Niliacha shule fomu thrii 2018 kwa ujauzito. Mtoto sasa anasoma. Nauza genge. Nataka kusoma mpaka chuo kikuu, nina miaka 24. Nimechelewa? (Mama mdogo, Tandahimba)

Nikucheke kwa kipi mwanangu. Wakati ule unaacha, mlango ulikuwa umefungwa kweli, aliyepata mimba haruhusiwi kurudi shule ya serikali. Novemba 2021 serikali ikabadili, waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wakaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Ila kwa umri wako na genge lako sikushauri uvae sketi ukae na watoto wa miaka 16.

Nenda Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, wana vituo mikoani, nenda Mtwara mjini uulize kituo cha karibu na wewe. Kuna mpango wa elimu mbadala wa sekondari unaosoma miaka minne kwa miwili, na kwenye baadhi ya vituo wasichana kama wewe wanasoma bila ada. Wataangalia matokeo yako ya fomu tuu wakwambie kama unahitaji mtihani wa QT (wa kupima kama unafaa kufanya wa fomu foo) kwanza au la. Ukimaliza fomu foo una njia mbili, kusoma advansi kama mtahiniwa wa kujitegemea ukiwa na C tatu, au kwa D nne za maana kuingia chuo cha kati astashahada alafu diploma alafu digrii. Mimi kwako naipenda ya pili, kwa sababu kila hatua unatoka na cheti cha kazi mkononi, hata maisha yakikukatiza tena katikati haujapoteza yote. Chuo Kikuu Huria nacho kipo toka 1992, unasoma huku genge linaendelea, kina kituo mkoani kwenu.

Umri wa mkopo mwisho ni miaka 35. Piga hesabu mwenyewe utaona inaingia.

Hivi mwalimu umewahi kumwambia mwanafunzi asiende chuo kikuu? Maana kila ukiandika ni chuo chuo chuo, wenzetu wana digrii wanaendesha bodaboda. (Msomaji, Tabata)

Nimewahi, tena mara nyingi, na kwenye ofisi ya elimu kata hawapendi kwa sababu takwimu za shule zinapimwa kwa waliokwenda fomu faivu.

Mtoto wa fomu foo mwenye C za Hesabu, Fizikia na Kemia, mkono wake unapenda kufungua redio, huyo simpeleki PCM kwa lazima. DIT pale Dar au Arusha Technical wanamchukua moja kwa moja diploma ya uhandisi miaka mitatu, anamaliza wakati mwenzake wa fomu siksi yuko chuo kikuu mwaka wa kwanza, na akitaka digrii anaendelea. Wazazi wengi hawaijui hiyo njia kabisa, wanajua fomu faivu tu, alafu wanashangaa mtoto wa jirani kawa fundi sanifu TANESCO na hakusoma advansi. Na asiye na hizo C yupo VETA, fundi wa majokofu na viyoyozi hapo Dar anakuringia kwenye simu unapomhitaji, jaribu kumpigia mwezi wa pili.

Hao wa bodaboda wenye digrii usiwatumie kumkatisha tamaa mtoto. Ukiwafuatilia, kuna waliosoma kozi waliyoichagua kwa jina zuri la Kiingereza bila kujua kazi yake ni ipi, na kuna waliosoma kitu cha maana kabisa ila ajira hazipo, hilo la pili mshauri wa shule hana dawa yake na nisijifanye ninayo. La kwanza ndo kazi yangu. Kabla mtoto hajaandika kozi namwambia anitafutie mtu mmoja hai aliyeisoma, anipigie simu mbele yangu, amuulize anafanya nini siku nzima. Akikosa hata mmoja, tunaivuta kozi hiyo chini kwenye orodha.

Mwalimu mwanangu yuko fomu wani, naona mnaongelea wakubwa tu. Na sisi tusubiri? (Mama, Korogwe)

Usisubiri mama. Cheti cha kuzaliwa anacho? Kama hana, msajili wa wilaya yuko ofisi ya mkuu wa wilaya, nenda na kadi ya kliniki kama bado unayo, cheti au matokeo ya darasa la saba, na kitambulisho chako. Jina litakaloandikwa liwe lile lile alilosajiliwa nalo shule ya msingi, herufi kwa herufi, Khadija na Hadija kwa kompyuta ni watu wawili. Hilo likikaa sawa, mwaka huu kitu kingine unachomdai ni hesabu tu.